Jinsi ya kumwandika mtoto anayeanza kutambua jema na baya katika riwaya

Kila ninapokaa na waandishi chipukizi, maswali huwa yale yale. Mtoto wa miaka sita anaweza kujua kwamba baba yake anadanganya? Nikimfanya mtoto msimulizi, nitamfikishiaje msomaji mambo ambayo mtoto mwenyewe hayaelewi? Mbona mhusika wangu ana miaka minane lakini anaongea kama hakimu? Nimeyajibu kwa mdomo mara nyingi. Leo nayaweka kwa maandishi, hatua kwa hatua, uwe nayo mezani unapoandika.

Nina msimamo mmoja, na mwongozo wote umesimama juu yake: mtoto hutenda kwanza, sababu humjia baadaye, na mara nyingi sababu yenyewe huwa pungufu. Ukimpa sababu iliyokamilika kabla hajatenda, umemwandika mtu mzima mwenye kimo kifupi.

Unachohitaji kabla hujaanza

- Tukio moja tu ambalo mtoto yumo na jambo fulani haliko sawa. Usianze na riwaya nzima.
- Karatasi uliyoigawa safu tatu. Utaitumia katika hatua ya nne.
- Saa kadhaa za kukaa karibu na watoto wa umri unaouandika, wakicheza. Usiwahoji, maana mtoto akihojiwa hukupa jibu analodhani unalitaka. Wasikilize wakigombana.
- Kosa lako moja la utotoni ambalo hukuwahi kumwambia mtu. Hutaliandika. Ni kipimo: ukimaliza tukio, jiulize kama mtoto uliyemwandika anafanana na wewe ulivyokuwa siku ile.
- Utayari wa kuliandika tukio lile lile mara tatu au nne.

Nitatumia mfano mmoja mwanzo hadi mwisho. Rehema ana miaka saba na miezi minne. Mama yake ni fundi wa nguo, anashonea nyumbani. Wateja huleta vitambaa vyao, na mabaki mama huyaingiza kwenye mfuko ulio chini ya cherehani. Mteja akiuliza, huambiwa kitambaa kimeisha chote. Kwa mabaki hayo Rehema amemshonea mdoli wake gauni. Leo mteja amekuja kuchukua nguo yake, na Rehema amekaa mlangoni na mdoli aliyevaa kitambaa kile kile.

Hatua ya 1: Weka umri kwa miaka na miezi

Usiandike "mtoto mdogo". Kati ya miaka minne na minane dhamiri ya mtoto hupiga hatua ndefu, na msomaji aliyelea watoto atakukamata mara moja. Nadharia sitaijaza hapa, ila mambo machache yanafaa uyajue.

Mwaka 1932 mwanasaikolojia Jean Piaget alichapisha kitabu kuhusu hukumu ya maadili kwa watoto. Aliwasimulia watoto visa viwili. Mtoto wa kwanza anasukuma mlango bila kujua kuna vikombe nyuma yake, vikombe 15 vinavunjika. Wa pili anapanda kabatini kuiba jamu, anaangusha kikombe kimoja. Nani mbaya zaidi? Wadogo wengi walimtaja wa vikombe 15. Wakubwa walitazama nia. Watafiti waliokuja baadaye walionyesha kwamba hata mtoto mdogo huijali nia ikiwekwa wazi mbele yake, kwa hiyo usiifanye kanuni ya chuma. Kwa mwandishi inatosha kujua hili: ukubwa wa hasara humtisha mtoto mdogo kuliko ukubwa wa kosa.

Jingine ni la watafiti Gertrud Nunner-Winkler na Beate Sodian, mwaka 1988. Waliwauliza watoto wenye umri wa kati ya miaka minne na minane mwizi wa peremende anajisikiaje baada ya kuiba. Wa miaka minne wengi walisema anafurahi, amepata alichokitaka. Wa miaka minane walisema anajisikia vibaya. Wadogo walijua fika kwamba kuiba ni kosa. Hawakuona tu kwa nini kosa limharibie mtu furaha yake. Kwa hiyo ukimwandika mtoto wa miaka minne anayekosa usingizi kwa majuto baada ya kuchukua kitu, fikiri mara ya pili. Pengine anakosa usingizi kwa kuogopa kugunduliwa, na hofu hiyo huandikwa kwa namna nyingine kabisa.

*Onyo:* Usimpe mhusika wako miaka mitano kwa sababu tu inapendeza, halafu ukamwazima akili ya miaka kumi na moja. Ukihitaji akili ya miaka kumi na moja, mpe miaka kumi na moja.

Hatua ya 2: Orodhesha sheria alizozisikia, kwa maneno yale yale aliyozisikia

Andika kila sheria ya nyumba yake kama ilivyotamkwa, na nani aliyeitamka. Ya Rehema inakwenda hivi:

- "Usiguse mkasi wa mama." (Mama)
- "Muongo haendi mbali." (Bibi)
- "Cha mtu ni cha mtu." (Mwalimu)
- "Akija mtu wa deni, sipo." (Mama)
- "Mabaki ni ya fundi." (Mama)

Ziangalie zinavyogongana. Ya pili na ya nne haziwezi kukaa chumba kimoja, na ya tatu na ya tano ndizo riwaya yenyewe. Mtoto hajaziona kama mgongano, kwa kuwa kila moja huja na sauti yake na wakati wake. Kazi yako ni kuzikutanisha siku moja, mbele ya macho yake.

Tenganisha pia sheria za adabu na sheria za kuumizana. Mtafiti Judith Smetana alionyesha mwaka 1981 kwamba hata watoto wa chekechea hutofautisha: kumpiga mwenzako ni kosa hata pasipo sheria ya kukataza, bali kutorudisha kitu mahali pake ni kosa pale tu sheria ipo. Mhusika wako asichanganye vyote kwenye kapu moja la "tabia mbaya".

Hatua ya 3: Chagua kitu kimoja cha kushikika

Haki haishikiki. Gauni la mdoli linashikika. Mtoto hufikiri kwa vitu: nani anacho, nani hana, kimevunjika, kimefichwa, kimerudishwa. Tafuta kitu kimoja kinachoweza kuubeba mzigo huo, kikiwa kidogo kiasi cha kuingia kiganjani. Kitu kikishapatikana, kila unapotaka kuandika neno "uaminifu" andika kitu hicho badala yake.

Hatua ya 4: Jaza safu tatu

Hapa ndipo kazi ilipo, na ndipo miswada mingi ninayoletewa inapopotea. Chukua ile karatasi. Safu ya kwanza: mtoto anaona nini. Ya pili: anaelewa nini. Ya tatu: msomaji anaelewa nini.

Rehema *anaona* mteja akiligeuza gauni upande wa ndani, akiupapasa mshono. *Anaelewa* kwamba mteja hajaridhika. *Msomaji anaelewa* kwamba mteja anapima kiasi cha kitambaa kilichotumika.

Rehema *anaona* mama akiongea haraka kuliko kawaida. *Anaelewa* kwamba mama ana shughuli nyingi. *Msomaji anaelewa* kwamba mama anaficha.

Rehema *anaona* ua jekundu kwenye gauni la mteja na ua jekundu kwenye gauni la mdoli. *Anaelewa*… hapa acha wazi. Hapa ndipo atakapoelewa, na hakuna anayejua ataelewa nini mpaka uandike.

Safu ya kwanza ikiwa nono na ya pili nyembamba, uko sawa. Safu ya pili ikipanda hadi ikalingana na ya tatu, mtoto ametoweka. Na kama ni ya tatu iliyoshuka, ikawa haina kitu zaidi ya ya pili, una hadithi ya kuwasomea watoto. Hilo halina ubaya, ila ni kazi nyingine.

Hatua ya 5: Amua nani anasimulia

Njia ni tatu. Mtoto mwenyewe kwa nafsi ya kwanza, akiwa bado mtoto. Mtu mzima anayekumbuka utoto wake. Au msimulizi wa nafsi ya tatu anayetembea bega kwa bega na mtoto.

Ya kwanza ina nguvu na ina hatari. Nguvu yake utaiona katika Adventures of Huckleberry Finn, riwaya ya Mark Twain, iliyotoka Uingereza mwaka 1884 na Marekani mwaka 1885. Huck, mvulana anayesimulia, amelelewa katika jamii ya watumwa na mabwana, na dhamiri yake imefundishwa kwamba kumsaidia mtumwa kutoroka ni dhambi. Anaandika barua ya kumfichua Jim, mtumwa aliyetoroka, kisha anaichana, akiamini kwa dhati kwamba kwa kuichana atakwenda motoni. Msomaji anajua ametenda jema. Yeye anajua ametenda baya. Mwandishi hakuingia kati kumsahihisha, na kwa kutoingia kwake ukurasa ule bado unauma.

Henry James alishika njia ya tatu katika riwaya yake What Maisie Knew ya mwaka 1897. Maisie anagawanywa kati ya wazazi waliotalikiana, na msimulizi anamkopesha maneno ambayo yeye hana, kwa sababu mtoto huona mengi kuliko maneno aliyonayo ya kuyasema. Kwa anayeanza, mimi napendekeza njia hii. Mtoto abaki na macho yake, nawe ubaki na sentensi zako.

Kiswahili kina maneno mawili ambayo lazima uyalinde katika usimulizi wa aina hii.

La kwanza ni *kumbe*. Kumbe ni mlango unaofunguka: aliyesema kumbe amegundua sasa hivi. Mtu mzima anayekumbuka akiandika "kumbe mama alikuwa anadanganya", ni ugunduzi wa mtu mzima, na mtoto wa siku ile amefutwa. Mpe mtoto kumbe moja katika sura nzima, na uiweke mahali pake hasa. Nimesoma sura yenye kumbe kumi na moja, nikafika mwisho bila kugundua lolote.

La pili ni *mbona*. Watoto hawasemi "hii si haki" mara nyingi kama waandishi wanavyodhani. Husema "mbona yeye kapewa?" na "mbona mimi sikupewa?" Neno hilo ni madai, shtaka na swali kwa pamoja. Tena lina umri. Watafiti Peter Blake na Katherine McAuliffe walionyesha mwaka 2011 kwamba watoto wa miaka minne hadi saba hukataa mgao unaowapunja, lakini hupokea bila shida mgao unaowapendelea. Wa miaka minane ndio waliokataa hata kupendelewa. Basi mtoto wako atasema "mbona yeye kapata kikubwa?" miaka mingi kabla ya kusema "mbona mimi nimepata kikubwa?" Siku anapoligeuza swali hilo kwa mara ya kwanza ni siku kubwa katika maisha yake. Mpe ukurasa mzima.

Hatua ya 6: Andika tendo, ufute wazo

Andika tukio kwanza kwa namna yoyote. Huenda likatoka hivi:

> Rehema alitambua kwamba mama yake hakuwa mwaminifu. Moyo wake ulijaa huzuni, kwani alijua wizi ni wizi hata ukiwa wa kipande kidogo. Alijiuliza kama aseme ukweli au amlinde mzazi wake.

Kila sentensi hapo ni safu ya tatu iliyohamia ya pili. Sasa futa kila kitenzi cha akilini: alitambua, alijua, alijiuliza, alihisi. Angalia kilichobaki. Hakuna. Anza upya na mikono ya mtoto:

> Mteja aliinua gauni, akaligeuza upande wa ndani, akaligeuza tena.
>
> "Hakikubaki hata kidogo?"
>
> "Kimeisha chote," mama alisema. "Kitambaa cha maua kinakula sana, dada yangu. Lazima maua yote yaangalie juu."
>
> Rehema alimlaza mdoli kifudifudi mapajani, akamfunika kwa viganja viwili. Ua moja jekundu likawa limetokeza katikati ya vidole. Akavibana.
>
> "Mwanao mpole," mteja alisema.
>
> "Mpole sana," mama alisema, bila kugeuka.

Rehema hajafikiri lolote kwenye ukurasa, ila viganja vyake vimeshatoa hukumu. Ukimuuliza kwa nini amemfunika mdoli, atasema mdoli anasikia baridi. Hilo nalo liandike, kwenye aya inayofuata. Uongo wa kwanza wa mtoto kwa nafsi yake una uzito kuliko maelezo yoyote utakayompa.

*Onyo:* Usimalize tukio hili kwa sentensi ya kulifafanua. Nakujua, utatamani kuongeza "kuanzia siku ile hakuwa yule yule tena". Iache.

Hatua ya 7: Mwache akosee hesabu

Mtoto akishahisi kwamba jambo haliko sawa, atataka kulirekebisha, na atalirekebisha kwa kipimo chake. Usimpe suluhisho la busara. Mpe suluhisho linaloingia akilini mwa mtu wa miaka saba na miezi minne, kisha ulifuate mpaka mwisho wake.

Mama ameingia ndani kutafuta chenji. Rehema anamvua mdoli gauni, analikunja mara mbili, analisukuma chini kabisa ya mkoba wa mteja. Kwa hesabu yake mambo yamekwisha: cha mtu kimerudi kwa mtu. Anampungia mteja mkono akiwa na furaha ya kweli, na furaha hiyo iandike kwa moyo wote, usimwekee kivuli.

Hakupiga hesabu kwamba gauni lina mdomo. Kesho yake mteja anarudi na magauni mawili, kubwa na dogo, anayaweka yote juu ya cherehani bila kusema neno.

Sasa Rehema amejifunza kitu, lakini amejifunza nini? Kwamba kuiba ni vibaya? Hilo alilijua. Amejifunza kwamba jema alilolifanya limemwaibisha mama mbele yake. Somo hilo ni gumu, halina jibu, na mtu mzima mwenyewe hajalimaliza. Ukimfikisha mtoto hapo, riwaya yako ina moyo.

Hatua ya 8: Wakubwa wasihubiri

Baada ya tukio kama hilo, waandishi wengi humleta bibi mwenye hekima, anamkalisha mtoto, anamweleza. Mtoe. Wakubwa wa kweli katika saa ile huwa wamechoka, wameaibika, wana hasira, au hawajui la kusema. Mama wa Rehema anaweza kukaa kimya siku mbili. Anaweza kusema, "Nani alikutuma?" Anaweza kumshonea mdoli gauni jipya kutoka kwenye nguo yake mwenyewe, bila maelezo, na mtoto asijue kama amesamehewa au ameadhibiwa. Jibu pungufu la mkubwa humlazimisha mtoto afikiri.

Hatua ya 9: Rudisha kitu kile kile mbele ya safari

Ukuaji hauonekani kwa tukio moja. Baada ya kurasa mia moja au zaidi, rudisha hali ileile kwa sura nyingine. Rehema ana miaka kumi na miwili, anamsaidia mama kukata. Kipande kimebaki juu ya meza. Mteja bado hajauliza. Mkono wa Rehema unakwenda wapi? Andika mkono tu. Kama mbegu ulizipanda vizuri, msomaji atafanya kazi iliyobaki.

Mambo yakikwama

*Mtoto anasikika kama mtu mzima.* Soma maneno yake kwa sauti. Ondoa nomino zote za dhahania: haki, ukweli, unafiki, heshima. Ondoa sentensi zenye "ingawa" na "hata hivyo". Badala yake weka mbona, kwani, basi, na vitu vyenye majina. Usikimbilie kumharibia matamshi ili aonekane mdogo. Matamshi ya kitoto huchosha baada ya nusu ukurasa, na mtoto mwenyewe hajisikii kwamba anakosea.

*Mtoto amekuwa malaika.* Mpe kitu anachokitaka kwa tamaa. Rehema alilipenda gauni lile kuliko vyote alivyonavyo. Ukisahau kuonyesha hivyo mapema, kulirudisha hakumgharimu kitu.

*Wasomaji wa mswada hawakuelewa kilichotokea.* Usiongeze maelezo kichwani mwa mtoto. Ongeza safu ya kwanza: kitu kingine cha kuonekana, neno jingine la mama, mteja atazame chini ya cherehani. Mara nyingi mstari mmoja unatosha.

*Wasomaji walielewa mapema mno.* Umempa mtoto shaka kabla ya wakati. Rudi nyuma, mwache auamini msemo wa "mabaki ni ya fundi" kwa dhati, hata ajivunie mbele ya rafiki yake kwamba mama ana mfuko uliojaa vitambaa.

*Mtoto haonyeshi hisia, anaonekana mkavu.* Hapa huenda umefuta kupita kiasi katika hatua ya sita. Rudisha mwili: tumbo, koo, viganja vyenye jasho, haja ndogo isiyokuja kwa wakati. Mtoto huhisi kosa tumboni kabla halijapata jina.

*Riwaya inaruka miaka na mtoto hajabadilika.* Chukua ile orodha ya sheria ya hatua ya pili, uiandike upya kwa kila umri. Ni sheria ipi ameacha kuiamini? Ipi sasa anaisema yeye kwa mdogo wake? Nilipomfanyia Rehema hivyo, "mabaki ni ya fundi" ilikuwa bado imo kwenye orodha ya miaka kumi na miwili, ila aliyeitamka hakuwa mama tena.